Suluhu nyingine ya watani, hivi kibandani tunalipia nini?

Mwananchi wa Gungu
30 Aprili 2022, usiku

Wakuu habari za usiku. Najua wengine mmeshalala kwa hasira ila mi usingizi hauji kabisa, naomba tuongee.

Nimetoka kuangalia Yanga na Simba pale Mwanga hapa Kigoma kwenye kibanda cha kuonyesha mpira ambacho siku za kawaida ni jero, leo wamepandisha buku kisa dabi. Feni hakuna, tumebanana kwenye mabenchi kama dagaa kwenye gunia, goti langu lilikua mgongoni kwa mtu nisiyemjua tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho, na umeme wetu huu wa Kigoma wa majenereta si mnaujua, taa ikicheza kidogo tu ukumbi mzima unapiga kelele "usikate usikate" utadhani umeme una masikio. Haukukatika. Bora hata ungekatika. 0-0. Na ile ya Desemba 11 nayo ilikua 0-0, kwa hiyo ligi ya msimu huu watani wamekutana nyumbani na ugenini, dakika 180, na nyavu hazijatikisika hata kwa bahati mbaya.

Sasa swali langu, na naomba mnijibu kwa akili sio kwa ushabiki (najua naomba kisichowezekana). Mi ni Yanga damu. Ukipiga hesabu hii suluhu inatufaa sisi kuliko wao. Tunaongoza ligi kwa mbali, hatujafungwa mechi hata moja ya ligi msimu huu, na ubingwa wa mwisho tuliuchukua msimu wa 2016/17, baada ya hapo Simba kabeba minne mfululizo huku anatuimbia masikioni. Leo ye ndo alitakiwa ashinde asogee, hajashinda, hajasogea. Natakiwa nifurahi si ndio? Mbona nimerudi nyumbani nimenuna mpaka mke wangu kauliza mmefungwa ngapi?

Kufungwa nakuelewa. Ukifungwa una mtu wa kumlaumu, beki alizubaa, kipa alitoka vibaya, refa kala hela, unalaumu mpaka unachoka unalala. Leo namlaumu nani? Kipa wetu Diarra hajafungwa, mabeki wamekaza, hakuna aliyekosea na hakuna aliyefanya kitu. Na straika wetu Mayele, ambaye akifunga anashangilia kwa kutetema na mtaani kwetu watoto wa darasa la pili wote wanatetema, leo tumekaa tumejiandaa kutetema mpaka tumerudi na kutetema kwetu nyumbani.

Hivi ni mimi tu, au suluhu ya watani inauma kuliko kipigo? Na kwa nini siku hizi hawa watu wakikutana magoli hakuna?

---

mnyama_wa_kibirizi

😂😂😂 Mayele mmemuona lakini leo? Mi naomba picha yake, kuna mtu alikua kasimama mbele yake dakika zote anaitwa Henock Inonga, beki wetu Simba, labda kwenye tivii yenu alikua anaziba.

Ila nikuambie ukweli ndugu yangu wa Gungu, usijidai suluhu inakuuma wewe peke yako. Sisi Jumapili iliyopita tu tumetoka Soweto tumetolewa na Orlando Pirates kwa penati, robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, tulishinda moja uwanja wa Mkapa Dar na kule tukafungwa moja, tukaenda matuta tukafa nne kwa tatu. Siku sita baadae unaenda kucheza na timu ambayo ilikua imekaa Dar inakusubiri. Mi nilikua naomba Mungu tusifungwe basi. Tumepata tulichoomba halafu nimekaa najiuliza hivi nilikua naomba nini mimi, shabiki wa Simba naomba suluhu na Yanga, hawa utopolo? Hapo ndo imeniuma.

---

Fundi Redio

Nyie wote mnaongelea leo, ngoja niwarudishe nyuma kidogo maana mimi haya mambo naandikaga kwenye daftari.

Mara ya mwisho watani kukutana magoli yakawa mengi ni Julai 2020, nusu fainali ya Kombe la FA, Simba kapiga nne kwa moja. Baada ya hapo angalieni wenyewe. Novemba 2020 1-1. Januari 2021 fainali ya Kombe la Mapinduzi kule Amaan, Zanzibar, 0-0, Yanga wakachukua kwa penati 4-3. Tarehe 3 Julai 2021, ile mechi ambayo Mei iliahirishwa kwa vurugu ya kubadilisha saa, Yanga 1-0 goli la Zawadi Mauya. Tarehe 25 mwezi huo huo fainali ya FA hapa hapa kwetu uwanja wa Lake Tanganyika, Simba 1-0. Septemba Ngao ya Jamii, Yanga 1-0, Mayele. Desemba 0-0. Leo 0-0. Mechi saba, magoli matano. Mwananchi unauliza kwa nini magoli hakuna, mkuu, hayajaanza kukosekana leo, we ndo umeanza kuyahesabu leo.

Sababu ni nini, mi naona ni presha ya benchi. Kocha wa hizi timu anaweza kushinda mechi kumi, akifungwa na mtani watu wanaanza kuuliza nauli yake ya kurudi kwao. Sasa we ungekua Nabi, kocha wa Yanga, unaongoza ligi, hujafungwa, ungefungua timu ili iweje? Suluhu kwake ni ushindi. Na Pablo wa Simba katoka Afrika Kusini na majeruhi ya moyo, akifunguka akapigwa mbili anafukuzwa kabla ya Idd. Kwa hiyo wote wawili wanaweka viungo wakabaji wawili mbele ya mabeki, beki wa pembeni akipanda mara moja anapigiwa kelele hapandi tena, na mpira wote unachezwa pale katikati kwenye duara watu wanagongana vigimbi. Ukiwa uwanjani angalau unaona mbio za wasio na mpira, kwenye tivii unaona faulo tu.

Na hili la Inonga, ni kweli anambana Mayele, lakini angalieni anambania wapi. Anamfuata mpaka katikati ya uwanja. Beki wa kati akitoka mpaka huko nyuma yake panabaki wazi, sasa pale anatakiwa mtu aingie, na kama hakuna wa kuingia basi mtu apige shuti la mbali. Ukuta ukikaa chini unaupiga kutoka nje, hakuna njia nyingine. Wenye mashuti tunao, Feisal Salum 'Fei Toto' yupo, hawathubutu tu, kila mtu anaogopa kupiga mpira jukwaani mbele ya watu wote wale.

---

mnyama_wa_kibirizi

"Majeruhi ya moyo" 😂 Fundi umetisha.

---

Mzee wa Reli

Kijana wangu wa Gungu, pole. Lakini nakupinga kidogo.

Suluhu siyo zote zinafanana. Wewe unaijua ile ya Septemba 30 mwaka 2018? Yanga ile ilikuwa taabani, haina hela, Zahera ndiye kocha, Simba ina kikosi cha kutisha chini ya Aussems. Tulikaa kusubiri kipigo, na Simba wakashambulia kweli kweli, na Beno Kakolanya akakaa golini akaokoa, akaokoa tena, mpaka mwisho 0-0. Nakwambia siku ile wana Yanga wa Ujiji walitoka kama wamechukua kombe. Ni 0-0 hiyo hiyo. Hakuna aliyerudi amenuna isipokuwa hao wekundu.

Kwa hiyo tatizo lako siyo kukosa goli. Tatizo ni kwamba leo hakuna aliyelazimika kuokoa kitu. Mpira ukiwa na mtu mmoja anayeshambulia na mwingine anayeng'ang'ania kufa, hata usipoingia wavuni umeshiba. Wakiwa wawili wote wanalinda, umelipa buku kuangalia walinzi.

Halafu nyie vijana mmesahau haraka. Mwaka jana Julai watani walikuja hapa hapa, nyumba za wageni zilijaa mpaka watu wakalala kwenye magari, mimi niliingia uwanjani mapema asubuhi na mkeka wangu. Kiungo wa Yanga Mukoko akala kadi nyekundu kabla ya mapumziko, Yanga wakabaki kumi, wakashikilia, wakashikilia, zimebaki kama dakika kumi ikapigwa kona, Taddeo Lwanga wa Simba kichwa, basi. Niliumia mimi. Lakini ukiniuliza leo nichague kati ya siku ile na hii ya leo nachagua ile, na mimi ndiye niliyefungwa!

---

Mwananchi wa Gungu

Shikamoo mzee. Hapo umenigusa. Mi ile fainali nilikua jukwaa la mzunguko na mpaka leo nikipita karibu na uwanja naiona ile kona. Ni kweli iliuma ila nilikua na la kusema mwezi mzima, kwamba tulikua kumi, kwamba kadi ile ilituua, kwamba kumi na moja kwa kumi na moja wasingetuweza. Na Simba nao walikua na la kusema. Kijiwe kilichangamka.

Nadhani ndo jibu la swali langu kwa kweli. Mi dabi siangalii kwa ajili ya pointi, pointi zipo kwa timu ndogo kama Mbeya Kwanza na Biashara. Dabi naangalia ili kesho asubuhi nikikaa pale kijiweni kuna mtu mmoja fundi cherehani, Simba huyo, ana mdomo, niwe na cha kumwambia au ye awe na cha kuniambia. Kesho Mei Mosi wote tupo, hakuna kazi, tutakaa tuangaliane. Ataniambia nini? Nitamwambia nini? "Mlijitahidi kukaba"? Tutaishia kuongelea bei ya mafuta ya kula.

---

mama kibanda

Ngoja na mimi niseme maana mnaongelea buku buku kama tunawaibia.

Mimi nina kibanda, sio hicho cha Mwanga, sisemi kiko wapi msije mkanifuata. Wanaume mnadhani mwenye kibanda anafurahi mechi yoyote. Si kweli. Kiingilio chote kinaishia kwenye king'amuzi na mafuta ya jenereta maana siku ya dabi huwezi kutegemea umeme wa ukutani, ukikatika dakika moja tu watu wanadai hela zao na wengine wanataka kuvunja mabenchi. Faida ipo kwenye vinywaji na mihogo baada ya mechi. Na mwezi huu wa mfungo vinywaji viko chini, nilikua nategemea baada ya mechi.

Timu moja ikishinda walioshinda hawaondoki. Wanakaa, wananunua, wanamnunulia na aliyefungwa ili akae wamcheke vizuri. Nauza mpaka naishiwa. Leo filimbi imelia watu wameinuka kimya wamekung'uta suruali wametoka, dakika tano kibanda cheupe, nimebaki na kreti zangu na mihogo yangu. Hakuna hata aliyegombana! Mimi sina timu jamani lakini leo nilikua naombea goli kuliko nyie wote, liingie popote.

Na kuna kituko kimoja. Mnajua kwangu wanakuja sana ndugu zetu Wakongo wa hapo ng'ambo, wafanyabiashara wa vitenge na mawese. Wao mechi hii ni yao. Yanga kuna Mayele, Djuma Shaban, Bangala, Moloko, Simba kuna Inonga. Sasa Inonga akimpokonya Mayele mpira wanapiga makofi, Mayele akimzunguka Inonga wanapiga makofi. Wale ndo peke yao walioondoka wanacheka.

---

mnyama_wa_kibirizi

Mama nimekujua na nakuja kesho kula hiyo mihogo ya jana 😂

---

kijana wa ng'ambo

samahani nje ya mada kuna mtu anajua boti ya kwenda Kalya kesho ipo au kwa sababu ya mei mosi haipo

---

Mnyamwezi halisi

Salaam kutoka Tabora. Nimesoma uzi wote nimecheka. Waha mna bahati mnalalamika.

Nyinyi watani wamekuja mlangoni kwenu na fainali nzima mkaiangalia bila kupanda treni. Sisi Tabora tangu timu yetu Rhino Rangers washuke 2014 Ligi Kuu tunaiona kwenye simu. Mimi mwaka jana nilipanda treni kuja kwenu kuangalia hiyo hiyo fainali ya Lwanga, nikashuka Kigoma nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, nikafungwa (Yanga mimi), nikarudi na migebuka kilo tano. Ningesafiri vile halafu iishe 0-0 ningehamia timu ya netiboli.

Ila kuna jambo nataka niwaulize nyote, Yanga na Simba. Kwa nini mkoa mzima wa Kigoma unakosa usingizi kwa timu mbili za Kariakoo? Timu yenu Mashujaa wapo hapo hapo, wanahangaika ligi za chini kutafuta kupanda. Siku wakicheza Lake Tanganyika mnajaa vile? Sisi Rhino walipokuwa wanacheza uwanja wa Mwinyi mtu anaingia na jezi ya Yanga.

---

Mzee wa Reli

Mnyamwezi, hilo ni kweli na linauma, lakini usilete siasa usiku huu. Mashujaa tutawajaza siku wakipanda. Kijana aliyeuliza boti, nenda mwaloni asubuhi mapema kaulize, usingoje kujibiwa humu.

---

Fundi Redio

Mimi Mashujaa naenda, jukwaani tunafahamiana kwa majina.

Mwananchi, turudi kwenye kijiwe chako. Kesho ukikosa la kumwambia fundi cherehani mwambie hivi: aliyetakiwa kushinda ni nani? Hesabu zinaonyesha ni yeye. Aliyeingia anahitaji pointi tatu akatoka na moja huyo kapoteza mbili. Wewe ulihitaji usifungwe, hukufungwa. Akikujibu Soweto Soweto mwambie hakuna aliyewatuma.

---

mnyama_wa_kibirizi

Fundi we si huwa unajifanya huna timu? Leo umejitaja.

Na mwambieni Mwananchi akiongea hivyo kijiweni fundi cherehani atamjibu na neno moja tu: mmetufunga? Hapana. Basi kaa chini. Bingwa gani anacheza na mtani mara mbili ligi nzima hamfungi hata mara moja.

---

Mwananchi wa Gungu

Umeona sasa, ndo hicho ninachokisema. Huyo ni wa Kibirizi na hajaniona ila kashanimaliza.

Nalala. Fundi asante kwa daftari, mzee asante kwa Kakolanya. Mama kibanda pole sana, kesho nitakuja kwako kama utasema kiko wapi.

---

Mwananchi wa Gungu
28 Mei 2022, usiku

NAFUKUA UZI!!!

Wako wapi wa Kibirizi? Yuko wapi mnyama? Nusu fainali FA, uwanja wa Kirumba, Mwanza, Yanga 1 Simba 0, FEISAL SALUM, shuti, nje ya boksi, kipa wao kaangalia tu. Fundi Redio njoo uchukue maua yako, ulisema ukuta ukikaa chini unapigwa kutoka nje na jina ukataja!

Leo sikukaa kabisa, nimesimama mechi nzima nyuma ya mlango na kibanda kilikua kimejaa mpaka madirishani. Goli lilivyoingia nimemkumbatia mtu, baadae naangalia kumbe ana jezi nyekundu.

---

Fundi Redio

Nilisema apige, sikusema Kirumba. Ila maua nachukua.

---

mama kibanda

Mihogo imeisha saa moja na nusu usiku. Soda zimeisha. Mungu ambariki huyo mtoto wa Kizanzibari. Nimeuza mpaka maji ya kunywa yangu mwenyewe.

---

Mzee wa Reli

Hongereni. Tarehe 28, kumbukeni tarehe hii. Mimi nimeangalia nyumbani, miguu haitaki mabenchi tena, lakini kelele za mtaani zilinifikia kabla ya picha, king'amuzi changu kiko nyuma ya majirani.

---

mnyama_wa_kibirizi

Nipo, sijakimbia. Hongereni kwa FA.

Sasa niulize tu kwa upole. Kwenye LIGI mlitufunga ngapi msimu huu? Desemba ngapi? Aprili ngapi? Naomba mtu mwenye daftari anisomee.

---

Mwananchi wa Gungu

Kombe ni kombe bwana, usianze.

---

mnyama_wa_kibirizi

Si uliniambia wewe mwenyewe usiku ule kwamba mechi zile mbili zilikuuma? Mimi nakukumbusha maumivu yako. 0-0, 0-0. Hizo hata Fei hawezi kurudi kuzifunga. Kesho niko Gungu naleta mzigo, kama kijiwe kiko wazi napita tuendelee, na uwe umeshapata jibu.

---

Mwananchi wa Gungu

Kiko wazi tangu asubuhi. Na fundi cherehani nimeshamwambia asitoke.